Mwaka Niliobeba Majani Makavu

Mwezi uliopita tulimzika mama mukwe wangu, na tangu siku ile watu wa Nguba, mtaa wetu hapa Bukavu, wananisimamisha njiani kuniuliza jambo moja tu: "Maman Noëlla, ile mulima ulipanda namna gani?" Hawaniulizi marehemu alikufa na ugonjwa gani, hawaniulizi kama tulilia. Wanataka habari za magoti yangu. Na mimi, kwa kuwa Mungu alininyima kimo akanipa mdomo, siwezi kujibu kwa neno moja. Jibu lake ni mwaka mzima, ule mwaka nilipofikisha miaka hamsini na kilo mia moja thelathini na nane. Wengine wanasema ujana ndio unaomfundisha mtu. Ujana wangu mimi haukunifundisha kitu, niliupitisha nimekaa kwenye kiti nyuma ya meza ya duka, nauza vitenge pale Nyawera. Kutembea nilijifunza nikiwa tayari na wajukuu wawili.

Yote yalianza siku ya kumzika baba mukwe. Kwao ni kilima kinachoangalia ziwa, upande wa Katana, na barabara ya gari inaishia chini kabisa, penye kibanda cha kuuzia sabuni na chumvi. Kutoka pale ni miguu. Wanaume walipoliweka jeneza mabegani, mimi niliteremsha mguu mmoja kutoka garini, nikausikiliza, nikaurudisha. Papa Gentil, mume wangu, akaniambia kwa sauti ndogo: "Bakia tu, tutarudi." Nikabaki. Nikafunga kioo kwa aibu, nikakifungua kwa joto, nikasikia nyimbo zinapanda bila mimi hadi sikusikia tena maneno, nikasikia ngoma tu. Watu wa kule wana huruma. Kabla udongo haujafunika jeneza, mtu alikuwa amekwisha kuniletea garini sahani ya bugali na maharagi, nami, Mungu anisamehe, nikaila yote. Nilikuwa napangusa vidole mama mukwe aliposhuka, kitambaa cha msiba kichwani, akagonga kioo. Jina lake lilikuwa M'Birindwa, yaani binti wa Birindwa, ndivyo Washi, kabila lao, wanavyowaita wanawake wao, na alikuwa na uzito wa kuku. Aliangalia sahani, akaniangalia mimi. "Na miye," akasema, "siku yangu ikifika, utanizika ukiwa humu ndani ya gari?" Hakuwa amekasirika, na ndiyo sababu iliniuma. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha ao hapana, ili ajipange. Njia yote ya kurudi mjini nililia, na Papa Gentil akadhani namlilia baba yake.

Wiki ile ile nilikwenda kumwona daktari. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina kalenda ya mwaka uliopita na mizani ya chuma ambayo namba zake ziliishia mia moja na ishirini. Nilipoipanda ilifika mwisho, ikanyamaza. Basi muuguzi akanipeleka ng'ambo ya barabara, kwenye depo wanapopima maharagi, nikapanda kwenye mizani ya magunia mbele ya watu. "Cent trente-huit!" akapiga kelele mfanyakazi wa pale kwa Kifaransa, mia moja thelathini na nane, na kwa mazoea akachovya burashi kwenye rangi ili aniandike namba ubavuni. Daktari alikuwa kijana, sawa na kifungua mimba wangu, lakini hakuzunguka. Alisema kuna mpasuaji atakayekuja baada ya miezi mitatu, anayekata tumbo la chakula na kubakiza kipande cha ukubwa wa ndizi moja. "Lakini maini yako imejaa mafuta, maman, inafunika kila kitu. Kwanza utoe kilo kumi. Usipotoa, hatakugusa." Nikamuuliza kilo kumi zinatolewa namna gani. "Utembee. Nusu saa asubuhi, nusu saa mangaribi, bila kusimama-simama. Na ule kidogo." Aliyasema kama mambo mepesi. Nadhani hakuwa mzaliwa wa Bukavu.

Kesho yake asubuhi nilivaa viatu vya mpira vya binti yangu Noëlla, nikatoka nyumbani na nia ya kufika Feu Rouge, penye taa za barabarani, na kurudi. Asiyejua mji wetu aelewe jambo hili: mama mwenye mwili wangu ule, mwenye duka na mume, hatembei kwa miguu. Akitembea, basi kuna msiba, ao gari imekufa, ao mume amekufa. Sikuwa nimemaliza hatua mia moja na tayari pikipiki tatu zilikuwa zimesimama. Wa nne alizima mota kabisa, akanifuata akiisukuma pikipiki yake, ananipa pole. Halafu ikaja jeep ya Papa Zacharie, mkubwa wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaani. "Maman Noëlla! Iko nini? Papa Gentil iko wapi?" "Iko salama. Niko natembea tu." "Unatembea unaenda wapi?" "Siendi mahali." Uso wake ulibadilika. Alishuka, akafungua mlango, akanishika mkono polepole kama mtu anayemtoa mgonjwa kanisani katikati ya misa. Ningefanya nini? Nilipanda. Siku nne mfululizo nilitoka nyumbani kwa miguu nikarudi kwa gari ya mtu, na siku ya tano nilimkuta Papa Zacharie ananingojea mlangoni, mota inanguruma.

Hapo ndipo Papa Gentil alipomwita mama yake. Aliona mwanamke aliyebeba ndizi miaka thelathini kutoka kilimani hadi sokoni hawezi kukosa la kumfundisha mke wake. M'Birindwa akafika na kikapu cha avoka na kandambili mguuni, akalala, akaamka kabla ya wote, akanigongea. "Sasa, tunaenda wapi?" "Hatuendi mahali, Mama. Tutazunguka, halafu tutarudi." Alinitazama muda mrefu. "Hata mbuzi akikata kamba, iko mahali anaenda." Nikamweleza maneno ya daktari, mafuta, maini, nusu saa. Alisikiliza yote kwa adabu, akatoa uamuzi wake: mtu hatembei bure, akitembea bure anaitwa mwenye wazimu, na yeye hakuja mjini kwa umri ule kuitwa mwenye wazimu. Kila siku tungekwenda kusalimia mtu. Leo binamu yake wa Muhumba, kesho mjane fulani wa Ndendere, kesho kutwa rafiki yake wa ubatizo kule Kadutu. Na kweli tulitembea! Nilihema, nilitoa jasho, nilishika kuta za watu, lakini tulifika. Tatizo lilikuwa kufika kwenyewe.

Kwetu hauingii nyumbani kwa mtu ukatoka na mdomo mkavu. Na usiseme umeshiba, maana Bukavu kukataa chakula ni kumwambia mwenye nyumba kwamba ana karuho, ile sumu ya polepole ambayo kila mtu anaijua na hakuna aliyeiona. Kwa binamu tulikuta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wa kukaanga na bugali ya muhogo. Kwa mjane, mjane maskini kabisa, tulikuta sombe ya majani ya muhogo iliyoungwa mafuta ya mawese na mandazi juu yake. Rafiki wa ubatizo alichinja. M'Birindwa alikula vijiko vitatu kama kawaida yake, akainua sahani yake akaimimina kwenye yangu. "Huyu njo mutu wa kula," aliwaambia, kwa fahari. Mwenye nyumba alipoona nasitasita alikuwa anauliza kwa sauti tamu: "Maman Noëlla, unaogopa nini?" Basi nilikula. Nilikula asubuhi ya saa moja, nikala mangaribi, nikatembea nikiwa nimeshiba kwenda kushiba zaidi. Mwisho wa mwezi tulirudi kwenye mizani ya magunia, mama mukwe akisimama pembeni na mikono nyuma kama mwalimu siku ya mtihani. "Cent quarante et un!" Mia moja arobaini na moja. Daktari alitazama karatasi, akaigeuza kuona kama kuna kitu nyuma. "Maman, ulitembea kweli?" "Kila siku," akajibu M'Birindwa. "Hata Kadutu tulifika. Walituchinjia." Kijana yule akavua miwani, akaificha sura yake katika kiganja, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimebakiza miezi miwili, na kilo si kumi tena, zilikuwa kumi na tatu. Usiku ule niliona tena kioo cha lile gari.

Siku mbili M'Birindwa alikaa kwenye kibaraza anatazama barabara, na mimi nikadhani ananikatia tamaa. Siku ya tatu akaniita. "Angalia ile mama." Mwanamke mmoja alikuwa anapanda na mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, ameinama, anatembea haraka. Watu wanapisha. Pikipiki inapisha. "Umeona mutu amemusimamisha? Umeona mutu amemuita kula?" Kweli, mtu wa mzigo hasimamishwi, maana akisimama mzigo unaongezeka, na hakaribishwi ndani, maana ana mahali anakwenda na anangojewa. Jioni ile M'Birindwa alizunguka nyuma ya nyumba za watu wenye migomba, akakusanya majani makavu, akayafunga na kamba mpaka yakawa fungu kubwa kupita mimi mwenyewe, jambo ambalo halikuwa dogo. Uzito wake ulikuwa kama wa mto wa kulalia. Alinivisha kitenge cha kazi kilichochakaa, akanifunga kitambaa, akanipitisha kamba kwenye paji. "Sasa inama. Inama, mutoto wangu! Uonekane unaumia." Nikamwambia hilo silo la kujifanya.

Na ikafaa! Nilipita Nguba, nikapita mbele ya kanisa, nikapita mbele ya jeep ya Papa Zacharie mwenyewe, akapiga honi nimpishe. Hakuna aliyenijua. Mara ya kwanza maishani nilitembea nusu saa nzima bila mtu kuniuliza kitu. Mama mukwe alitangulia kama mwenye mali, na mimi nyuma, majani yananichoma shingo. Kwenye kona ya kupanda kuna ukuta mfupi, wabebaji wanapumzikia pale, na wana sheria yao: aliyefika kwanza anamtua anayefuata. Siku ile nilimkuta mwanamke mwenye nguvu amekaa, mfuko wake wa unga uko ukutani. Aliponiona tu, akasimama, ingawa yeye mwenyewe alikuwa hajapata pumzi. "Lete nikutue, mama." Akajikaza, akashika fungu langu kwa mikono miwili, akalivuta, na fungu likaruka juu kama kofia. Akabaki amelishika hewani. "Majani?" akasema. "Majani matupu? Maman, uko na akili kweli?" Nilicheka mpaka nikakaa chini, naye akacheka, na M'Birindwa akakasirika kwamba tunapoteza muda. Lakini alipokaa akatuambia kwamba na kilimani kwao kuna jiwe la namna hiyo katikati ya mteremko, na kwamba siku alipoolewa, mtu wa kwanza kumkaribisha hakuwa mama mukwe wake, alikuwa mwanamke asiyemjua aliyemtua mzigo pale. "Jina lake sikujua mupaka leo," alisema. "Mikono yake naikumbuka."

Wiki ya sita viuno vya sketi zangu vilianza kuzunguka, na mashavu yakashuka. Ndipo siri ikafa. Dirisha la jikoni kwetu linaangalia ukuta wa majirani, na siku moja nikichambua mboga ya lenga-lenga nilisikia bamama wawili. "Ni karuho. Ona shingo." "Hapana, ni bwana. Amemufukuza ku duka, sasa anabeba mizigo ya batu. Miye nilimuona na macho yangu." "Na mbona analala hapa?" "Analala chumba cha wageni." Jumapili baada ya misa shirika zima likatujia. Papa Zacharie mbele, watu kumi na mmoja nyuma, wakaenea kwenye viti vyetu vyenye vitambaa vya kushonwa kwa mkono, wameleta mashanza, yale maziwa ya kugandisha, chupa ya dawa ya mizizi ya kutapisha sumu, na kuku mzima amekwisha kupikwa na mafuta yake. Papa Gentil alijifungia chumbani, anasema ana kichwa. "Maman Noëlla," akaanza Papa Zacharie, "sisi ni ndugu. Hatukuhukumu. Tuambie tu nani alikupa." Kabla sijafungua mdomo M'Birindwa akasimama. "Huyu mutoto hana sumu. Iko anabeba majani." "Majani ya nini, Mama?" "Ya kutupa." "Na anaenda kuyatupa wapi?" "Hatupi. Anarudi nayo." Nilimsikia Papa Gentil anacheka chini ya mto. Papa Zacharie akaomba tusimame wote, akasali sala ndefu, na aliposema "uwarudishie akili" alisema kwa wingi, ili mama mukwe asibaki nje. Halafu wakafunua kuku.

Nilijua nikimla nimekwisha, na nisipomla nimewaita wachawi mbele ya shirika zima. Nilitazama mlango. M'Birindwa akavuta kiti, akakaa mbele ya sinia, akakata paja. "Kwetu mama mukwe anakula mbele," akasema, jambo ambalo sijalisikia kokote kabla wala baada. Akala paja. Akala la pili. Akala bawa, kidari, akanywa mashanza yote, mwanamke wa vijiko vitatu, huku watu kumi na wawili wanamtazama. "Nikifa, mutajua sumu iko ndani," akawaambia, mdomo umejaa. Tangu siku ile alikuwa mdomo wangu. Kila sahani iliyoletwa kwa jina langu iliishia kwake, na hakuna aliyeweza kukasirika, kwa sababu chakula kililiwa na sahani ilirudi tupu. Mimi nilibaki na maharagi yangu machache na lenga-lenga, na fungu langu la majani asubuhi na mangaribi. Siku ya mwisho kwenye depo mfanyakazi alitazama mizani mara mbili. "Cent vingt-sept!" Mia moja ishirini na saba. Depo nzima ikapiga makofi, maana siku zile wapimaji wote walikuwa wananijua. Daktari akaandika tarehe ya kupasuliwa.

Niliogopa kufa, sitaficha. Asubuhi ile nilimwambia Papa Gentil mahali zilipo funguo za duka. Lakini niliamka, mdomo mkavu, tumbo linawaka, na kabla jua halijaelekea kuzama muuguzi akasema niinuke nitembee, damu isigande miguuni. Nikamwambia anitafute kesho. Akasema leo. Nikageukia ukuta. Ndipo nikasikia kandambili. "Sasa," akasema M'Birindwa, "tunaenda wapi?" Nilitaka kumtukana, mama mukwe wangu mwenyewe. "Mpaka dirishani," nikasema. "Kufanya nini?" "Kuangalia kama mvua inakuja." Hilo lilikuwa jibu la kufaa, akanipa bega. Kesho yake tulikwenda mpaka mlangoni kumsalimia mlinzi, kesho kutwa mpaka kwenye pipa la maji. Yeye alinitafutia mahali pa kwenda, mimi nikatafuta pumzi. Na wageni wakaja na masufuria, kama desturi yetu ilivyo kwa mgonjwa, na mimi tumbo langu jipya lilijaa kwa vijiko vitatu vya mchuzi. Vijiko vitatu! Tulikuwa tumebadilishana. Yeye alikula masufuria yote, mchana na jioni, kwa heshima ya familia.

Mwaka ulipoisha nilikuwa nimetoa kilo arobaini na mbili. M'Birindwa alifikiri, akasema huo ni mfuko mzima wa unga wa muhogo na ushuru juu yake, na kwamba miaka yote ile nilikuwa nabeba mfuko wa unga hata kitandani, na hakuna mtu aliyenitua. Yeye mwenyewe alirudi kijijini na mashavu, na kiuno, na kidevu cha pili alichokuwa anakishikashika kwa mshangao. Daktari alipomwona alimshauri atembee. Akamwuliza: kwenda wapi?

Hakukonda tena mpaka alipokufa, mwezi uliopita, mwenye miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Gari lilisimama pale pale penye kibanda cha sabuni. Shemeji yangu, ambaye siku hizi ana tumbo la kiongozi, akaniambia kwa huruma: "Maman Noëlla, bakia tu mu gari." Niliteremsha mguu mmoja. Nikausikiliza. Nikateremsha wa pili. Sikuwangoja, nilianza kupanda, maana mimi nimezoea kutangulia siku hizi na magoti yangu yakisimama yanabisha. Nyuma nilisikia wanaume wa mjini na viatu vyao vya kubana wanahema chini ya jeneza, wanaitana, wanabadilishana. Nilifika kwenye jiwe bapa lililo katikati ya mteremko, nikalijua bila kuonyeshwa. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikageuka, nikawaona wanakuja, jasho limewalowesha, na mmoja wa mbele ameteleza, kona yake ya jeneza inashuka. Nilikuwa nimefika wa kwanza. Nikaweka mikono yangu miwili chini ya mbao.

"Lete nikutue, Mama," nikasema.

Alikuwa mzito. Nusu ya uzito ule ulikuwa wangu.